Mizani ya Udanganyifu: Kuhamisha Faida si Hesabu Tu

Ndugu zangu wapendwa katika Kristo, kila unapofika Mwaka C wa liturujia, katika Dominika ya 25 ya kawaida, Mama Kanisa anatuwekea mezani somo kutoka kitabu cha Nabii Amosi, sura ya 8. Nabii anawakemea wafanyabiashara wa Israeli walioshika siku takatifu kwa mwili tu, huku mioyo yao ikihesabu saa zilizobaki kabla ya kufungua tena maghala. Na walipoyafungua, walipunguza kipimo cha nafaka, wakaongeza uzito wa jiwe la kupimia fedha, na mizani yenyewe wakaipotosha. Mungu aliapa kwamba hatalisahau hata moja la matendo yao.

Somo hilo nimelihubiri mara nyingi. Safari moja nilithubutu kusema kwamba mizani ile haijawekwa makumbusho. Ipo hai, na mara nyingi inakaa ndani ya vitabu vya hesabu vya kampuni za kimataifa zinazochimba na kuuza mali ya nchi zetu. Baada ya Misa alinifuata muumini mmoja, msomi wa uhasibu, mtu mwema na mchangiaji hodari wa parokia. Akaniambia kwa heshima zote: "Padre, samahani, leo umetuonea. Kukwepa kodi ni kosa, lakini kupanga kodi si kosa. Kila kitu kinafuata sheria. Hiyo si dhambi, ni hesabu tu. Na mkiwabana hao wawekezaji, watafungasha virago waende kwingine."

Nilimwahidi kumjibu kwa maandishi, kwa sababu maneno yake si yake peke yake. Nimeyasikia bungeni, redioni na hata katika vikao vya Halmashauri ya Walei. Ni maneno yenye sauti ya busara, lakini ndani yake mna makosa mawili makubwa. Kosa la kwanza ni la kiimani: kudhani kwamba lisilokatazwa na sheria ya nchi halina hatia mbele ya Mungu. Kosa la pili ni la kiuchumi: kudhani kwamba tukidai haki yetu, uwekezaji utakufa. Nitayajibu yote mawili, na mwishoni sitasita kutusema na sisi wenyewe.

1. Jambo lenyewe ni lipi?

Tuanze kwa mfano mdogo. Chukulieni kwamba wanajumuiya wa kijiji fulani wamekubaliana kila mkulima achangie sehemu ya kumi ya faida yake kwa ajili ya zahanati. Mkulima mmoja amevuna magunia 10 ya mahindi. Bei ya soko ni shilingi 100,000 kwa gunia, hivyo mavuno yake yana thamani ya shilingi 1,000,000. Gharama zake za kweli ni shilingi 400,000. Faida yake ni shilingi 600,000, na mchango wake ni shilingi 60,000.

Lakini mkulima huyu ni mjanja. Kijiji cha pili, ambako hakuna mchango wowote, amefungua ghala kwa jina jingine. Analiuzia ghala lake mwenyewe mahindi yote kwa shilingi 60,000 kwa gunia. Kisha anaandika kwamba alikopa mtaji kutoka ghala hilo hilo, na amelilipa riba ya shilingi 100,000. Tena anaandika kwamba ghala hilo lilimpa "ushauri wa kilimo", akalilipa shilingi 100,000 nyingine. Sasa hesabu inasoma hivi: mapato shilingi 600,000, gharama shilingi 600,000, faida sifuri. Anakuja kwenye kikao cha zahanati akiwa na uso wa huzuni na kusema: "Ndugu zangu, mwaka huu nimepata hasara." Wakati huohuo, ghala lake la kijiji cha pili lina shilingi 600,000 zile zile, hazikupungua hata senti.

Ndugu zangu, huo ndio uhamishaji wa faida, umepunguzwa hadi ukubwa wa shamba. Katika kampuni za kimataifa, mkulima ni kampuni tanzu iliyoko kwetu, ghala ni kampuni dada iliyoandikishwa katika nchi yenye kodi ndogo au isiyo na kodi kabisa, na mwenye vyote viwili ni mmoja. Njia ni zile zile: bei ya bidhaa kati ya ndugu na ndugu, mikopo ya ndani yenye riba nono, ada za usimamizi na za matumizi ya jina la kampuni. Ipo pia njia ya nne: kuuza mali iliyoko hapa kwa kuuza karatasi ya kampuni iliyoko ng'ambo, ili ionekane kwamba hapa hakuna kilichouzwa. Waganda waliliona hilo mwaka 2010. Kampuni ya Heritage ilipouza haki zake za mafuta nchini Uganda kwa dola bilioni 1.45, serikali ililazimika kupigana kwa miaka, mpaka mbele ya waamuzi wa London, ili kodi ya dola milioni 404 itambuliwe.

Huu si uvumi wa vijiweni. Wachumi Thomas Tørsløv, Ludvig Wier na Gabriel Zucman wamekadiria kwamba mwaka 2015 asilimia 36 ya faida ambazo kampuni za kimataifa zilipata nje ya nchi zao za asili zilihamishiwa kwenye maficho ya kodi. Na jopo lililoongozwa na Rais mstaafu wa Afrika Kusini, Thabo Mbeki, lilieleza mwaka 2015 kwamba Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa kwa njia haramu, na sehemu kubwa hutoka katika shughuli za biashara.

2. "Sheria haikukataza"

Rafiki yangu mhasibu anasema ni halali. Namwomba afungue Matendo ya Mitume, sura ya 5. Anania na mkewe Safira waliuza shamba lao. Petro aliwaambia wazi kwamba shamba lilikuwa lao, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa chini ya mamlaka yao. Hakuna sheria iliyowalazimisha kutoa zote. Dhambi yao ilikuwa ipi basi? Walileta sehemu, wakaiweka miguuni pa Mitume kana kwamba ndiyo yote. Kosa halikuwa kubakiza fedha. Kosa lilikuwa uongo juu ya hesabu.

Hapo ndipo lilipo jibu langu. Kanisa halichukii faida. Mwekezaji anayeleta mtaji na ujuzi ana haki ya kupata faida na kuipeleka nyumbani kwake. Mkopo wa kweli una haki ya riba, na mtaalamu aliyekuja kweli ana haki ya ujira wake. Lakini anayeleta sehemu na kuiita yote, anayesema "hasara" huku akijua faida iko ghala la pili, huyo amesimama mahali pa Anania, hata kama kila karatasi yake ina muhuri.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 30, mwaka 1965, uliwakemea wanaotumia hila ili kukwepa kodi zilizo za haki. Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio ya mwaka 1967, alikataa tabia ya wenye mapato makubwa kuyahamishia ng'ambo kwa faida yao tu bila kujali madhara kwa nchi walikoyapata. Na mwaka 2018 Vatikano ilitoa hati juu ya maadili ya uchumi na fedha, iitwayo Oeconomicae et Pecuniariae Quaestiones, ikitaja waziwazi maficho ya kodi na mchezo wa kuhamisha mapato kutoka kampuni hadi kampuni ndani ya kundi moja. Kwa hiyo anayesema "Padre abaki madhabahuni, kodi awaachie wataalamu" hapingani nami. Anapingana na mafundisho ya Kanisa lake.

Tena, si kweli kwamba sheria iko kimya. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inataka ndugu wauziane kwa bei ambayo wangeuziana wageni wasiojuana. Kipimo hicho kila mhasibu anakifahamu. Basi ajiulize kabla ya kusaini: je, mkopo huu, kwa riba hii, ningeuchukua kwa mtu baki? Bei hii ningeiuzia mtu baki? Kama jibu ni hapana, dhamiri imekwisha kusema, na kimya cha mkaguzi hakiwezi kuifuta sauti yake.

3. Historia tuliyoiishi

Sisi wa Tanzania hatuhitaji mifano ya mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tuliambiwa kwamba ili dhahabu yetu ichimbwe, lazima tulegeze. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliweka mrabaha wa asilimia 3 kwa dhahabu, na sheria za kodi za wakati huo ziliruhusu kampuni za madini kuondoa gharama zote za mtaji mapema, pamoja na nyongeza juu yake, kiasi kwamba mgodi uliweza kuchimba kwa miaka mingi bila kulipa kodi ya mapato hata shilingi moja. Geita ilianza mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, North Mara mwaka 2002. Dhahabu ikaondoka. Hasara zikabaki kwenye vitabu, na mashimo yakabaki kwenye ardhi.

Kanisa halikunyamaza. Machi 2008, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA walitoa kwa pamoja ripoti iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu, ikionyesha jinsi taifa lilivyokuwa likiambulia kidogo katika dhahabu yake. Maaskofu, wachungaji na masheikh walikaa meza moja kwa ajili ya jambo hili. Nawaomba vijana walikumbuke hilo, kwa maana wapo wanaodhani kwamba jambo hili lilianza mwaka 2017.

Kisha ikaja kesi ambayo kila muumini anapaswa kuifahamu. Kati ya mwaka 2010 na 2013 kampuni ya African Barrick Gold, iliyokuja kuitwa Acacia, iliwalipa wanahisa wake gawio la dola milioni 412 hivi. Migodi yake ilikuwa Tanzania, lakini katika miaka hiyohiyo kampuni tanzu za hapa hazikuonyesha faida ya kutozwa kodi ya mapato. Mamlaka ya Mapato ikauliza swali ambalo hata mtoto wa Komunyo ya Kwanza angeuliza: gawio hutoka kwenye faida, ikiwa hakuna faida, gawio limetoka wapi? Ikadai kodi ya zuio ya dola milioni 41.25. Kampuni ilipinga. Baraza la rufani za kodi likaipa ushindi Mamlaka mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya kampuni mwaka 2020.

Rafiki yangu, hiyo ni hesabu tu? Mwalimu wa shule yetu ya msingi hukatwa kodi kabla hajaugusa mshahara wake. Mama ntilie akinunua bidhaa dukani mara nyingi hulipa ndani yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na hana kampuni dada ng'ambo ya kumkopesha chumvi. Julai 2021, serikali ilipopungukiwa, ilianzisha tozo kwenye miamala ya simu, hata kijana aliyemtumia mama yake shilingi 20,000 za dawa akatozwa, mpaka kilio cha wananchi kilipoifanya ipunguzwe. Kodi ambayo mwenye nguvu haijalipa haipotei hewani. Hushuka mlimani kama maji, ikakusanyika kwenye bega la mnyonge.

4. "Watafungasha virago"

Sasa nijibu kosa la pili. Tuangalie kilichotokea kila tulipobadili sheria.

Mwaka 2010 mrabaha wa dhahabu ulipanda hadi asilimia 4, na ukaanza kukokotolewa kwenye thamani ghafi. Mwaka huohuo ukawekwa ukomo: kampuni inayomilikiwa kutoka nje haiwezi kuondoa riba yote ya mikopo yake ikiwa deni limezidi uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji. Mwaka 2012 sheria ilibadilishwa ili kampuni ya hapa inapobadilisha mmiliki kwa mauzo yaliyofanyika ng'ambo, kodi idaiwe hapa. Mwaka 2014 zikaja kanuni za bei kati ya kampuni ndugu, zikafanywa upya mwaka 2018. Kila mara tuliambiwa kwamba wawekezaji watakimbia. Migodi haikukimbia.

Kwa nini? Kwa sababu dhahabu haina miguu. Kinachohama ni karatasi. Mwenye mgodi wa Geita hawezi kuupeleka mwamba wa Geita kwenye kisiwa cha maficho ya kodi. Anachoweza kupeleka ni hati ya mkopo. Kwa hiyo sheria nzuri inayogusa karatasi hubadilisha kwanza mahali faida inapoandikwa, si mahali mtambo unaposimama. Ni kweli kwamba kiwanda cha nguo kinaweza kuhama kwa urahisi kuliko mgodi. Lakini hata huko, uchunguzi wa wawekezaji uliofanywa chini ya mwavuli wa Benki ya Dunia uliwauliza kama wangewekeza hata bila misamaha ya kodi, na katika Tanzania, Uganda na Rwanda zaidi ya 9 katika kila 10 walisema ndiyo. Wanachotafuta kwanza ni soko, barabara, umeme, amani, na sheria isiyogeuka usiku mmoja. Basi msamaha ule tuliwapa kwa ajili gani? Tulimlipa mgeni ili aje kula karamu ambayo tayari alikuwa amevaa viatu kuijia.

5. Lakini tusijidanganye na sisi

Ningekuwa mchungaji mwongo kama ningeishia hapo, kwa maana Amosi hakuwakemea mataifa ya jirani tu. Aliwageukia Yuda na Israeli.

Mwaka 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, ikaunda kamati mbili za maprofesa Mruma na Osoro, na Julai mwaka huo ikatoka ankara ya kodi ya dola bilioni 190. Kampuni ilikanusha tuhuma zote. Bunge likapitisha sheria tatu katika siku chache: mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 bila malipo. Tulishangilia, na nakiri kwamba nami nilishangilia.

Matunda yapo. Makubaliano na Barrick yaliyosainiwa Januari 2020 yalizaa kampuni ya Twiga, serikali ikiwa na asilimia 16, na ahadi ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu. Mauzo ya dhahabu nje ya nchi yamekua, na mwaka 2024 yalizidi dola bilioni 3. Waliosema kwamba asilimia 6 itaua uchimbaji wamekosea.

Lakini gharama zipo pia, na ni haki tuzitaje. Ankara ya dola bilioni 190 iliishia katika malipo ya dola milioni 300. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema kwamba namba hizo mbili zote zilipimwa kwa mizani moja. Ama ya kwanza ilikuwa kubwa kupita ukweli, ama ya pili ni ndogo kupita haki, na wananchi hawakuwahi kuonyeshwa hesabu kamili. Septemba 2017 shughuli za Bulyanhulu zilipopunguzwa, watu kama 2,000 waliambiwa kazi zao ziko hatarini, na hao hawakuwa wenye hisa wa London. Walikuwa baba za watoto wanaosoma katechesi. Tena, leseni za kuhodhi maeneo ya madini zilizofutwa kwa pupa zilitupeleka mbele ya waamuzi wa kimataifa. Tulikubali kulipa dola milioni 30 kwa kampuni ya Winshear mwaka 2023, kisha dola milioni 90 kwa Indiana na dola milioni 27 kwa Montero mwaka 2024. Jumla ni dola milioni 147. Ni zahanati ngapi hizo?

Kwa hiyo, wapendwa, hasira si sera. Sheria iliyotungwa kwa haraka humpa mwizi wakili mzuri. Mwekezaji mwaminifu haogopi kodi ya haki. Anaogopa kodi asiyoijua kesho itakuwaje. Na asiye mwaminifu haogopi hotuba; anamwogopa mkaguzi aliyesoma, mwenye mshahara unaomtosha, asiyehongeka, anayeujua mkataba ukurasa kwa ukurasa.

6. Mlango wa dunia

Wengine hunijibu: "Padre, haya ni mambo ya wakubwa wa dunia, sisi wadogo tutafanya nini?" Oktoba 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana kwamba kampuni kubwa kabisa, zenye mapato ya kuanzia euro milioni 750 kwa mwaka, zilipe kodi isiyopungua asilimia 15 popote zilipo. Jirani zetu Kenya hawakujiunga na makubaliano hayo wakati huo, wakiona kwamba meza hiyo ilipangwa na matajiri. Hawakuwa na hofu ya bure. Januari 2025 Marekani ilijitoa, na Juni mwaka huohuo mataifa 7 tajiri yakakubaliana kwamba kampuni zenye makao Marekani ziachiliwe sehemu kubwa ya masharti hayo. Mkubwa akivunja mizani, huitwa mazungumzo.

Hata hivyo lipo fundisho kwetu. Chini ya utaratibu huo, nchi ikimsamehe mwekezaji mkubwa kodi yake, nchi nyingine inaweza kuichukua tofauti mpaka ifike asilimia 15. Maana yake, msamaha tunaoutoa Dodoma unaweza kugeuka zawadi kwa hazina ya nchi tajiri. Maskini anamfutia tajiri deni, na tajiri mwingine analiokota.

Na wadogo wakiungana husikika. Machi 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliubatilisha mkataba wa kodi kati ya Kenya na Mauritius, kwa kesi iliyofunguliwa na raia waliojiunga kudai haki ya kodi. Novemba 2023 nchi za Afrika zilipeleka Umoja wa Mataifa azimio la kuanzisha mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa kodi. Kura 125 zilikubali, 48 zilikataa, 9 hazikuelemea upande wowote. Mataifa tajiri mengi yalikuwa miongoni mwa wale 48. Daudi hajamwangusha Goliati bado, lakini amekwisha kuokota jiwe.

7. Tufanye nini?

Kwanza, nasema na ninyi wanataaluma Wakatoliki: wahasibu, wanasheria, maofisa wa forodha na wa mapato. Msiache dhamiri zenu getini mwa ofisi. Najua kwamba anayekataa kusaini anaweza kupoteza kazi, na sitazungumza kana kwamba jambo hilo ni jepesi. Lakini Zakayo naye alikuwa mtu wa kodi, na wokovu ulipoingia nyumbani mwake, jambo la kwanza alilofanya ni kurekebisha hesabu.

Pili, nasema na waheshimiwa wabunge na madiwani wanaokaa kwenye mabenchi ya mbele siku za sherehe. Sheria ya mwaka 2015 ya uwazi katika madini, mafuta na gesi inataka mikataba iwekwe wazi kwa wananchi. Tuonyesheni. Na kila msamaha wa kodi uandikwe: nani kapewa, kiasi gani, kwa miaka mingapi, na taifa limepata nini. Mkataba unaofichwa machoni pa mwenye mali una sababu ya kufichwa.

Tatu, nasema nasi sote. Mfanyabiashara anayeshika vitabu viwili, kimoja cha Mamlaka ya Mapato na kingine cha moyoni mwake, ana ghala la pili kama yule mkulima. Mteja anayekubali kupunguziwa bei ili asidai risiti anaishika mizani ile kwa upande mmoja. Na kiongozi wa kigango anayepokea michango bila kuiandika asimrushie jiwe mwenye mgodi. Ukubwa wa wizi hutofautiana; mzizi wake ni mmoja.

Nne, Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA na VIWAWA zisione haya kulijadili jambo hili. Halmashauri inapopokea ushuru wa huduma kutoka mgodini, waumini waende kwenye mkutano wa kijiji na kuuliza umetumika wapi. Maaskofu, wachungaji na masheikh walitufungulia njia mwaka 2008. Njia isiyopitwa huota nyasi.

Namalizia kwa yule rafiki yangu mhasibu. Uliniambia, ndugu, kwamba hiyo si dhambi bali ni hesabu tu. Lakini kila hesabu ina mtu mwishoni mwake. Mwishoni mwa safu yako ya "ada za usimamizi" kuna mama anayejifungulia kwenye zahanati isiyo na umeme, anayeshikiwa tochi ya simu na dada yake. Nimekwenda kuwapaka mafuta wagonjwa katika zahanati za namna hiyo. Hapo hakuna kampuni dada. Kuna dada tu, na betri ya simu inaisha. Ukishaliona hilo, rudi ofisini ukaifungue tena hesabu yako, kisha njoo tuzungumze. Mlango wa nyumba ya mapadre uko wazi, na sanduku la maungamo pia.

Tumwombe Mama Bikira Maria, aliyeimba kwamba Mungu huwashibisha wenye njaa na kuwaacha matajiri mikono mitupu, atuombee tuwe wana wa mizani iliyo sawa.